Vidonda vya mdomo wa mbwa vinavyorudi kila mara: fungua mkunjo kabla ya kufungua dawa

"Dokta, alichomwa sindano akapona. Sasa imerudi tena."

Maneno haya nayasikia kila masika hapa Dar es Salaam, hewa inapokuwa nzito na nguo hazikauki kambani. Mbwa analetwa manyoya ya chini ya mdomo yameshikana, ngozi ni nyekundu na inatoa majimaji, na ana harufu inayowafanya watoto wa nyumbani wamkimbie. Mwenyewe ameshatoa hela mara tatu, nne. Kazi yangu ni ubwana mifugo, na wagonjwa wangu wengi ni mbwa wa majumbani. Nilichojifunza ni kwamba sindano inapunguza vijidudu kwa wiki chache. Pale walipozaliana pakibaki na unyevu, joto na mabaki ya chakula, watazaliana tena.

Pale penyewe ni hapa: vuta taratibu mdomo wa chini wa mbwa wako, nyuma kidogo ya chonge. Ngozi imejikunja ikafanya mfereji. Kwa Boerboel, boksa, buldogi na spanieli, mfereji huo ni mrefu na una kina. Mate yanatuama humo usiku kucha. Mbwa wa kienyeji ana midomo myembamba, mfereji wake hauonekani sana, kwa hiyo yeye akiwa na tatizo la kurudiarudia mdomoni mimi huanza mapema kutafuta sababu nyingine.

Hatua ya 1: Hakikisha ni salama kumshika

Usiiruke hatua hii. Mbwa aliyeanza kutoka udenda ghafla, akabadilika tabia au sauti, akashindwa kumeza, au taya lake la chini likalegea, usimfungue mdomo. Watu wengi hudhani amekwamwa na mfupa, wanaingiza mkono, kumbe ni kichaa cha mbwa. Mfungie mahali peke yake bila kumgusa, kisha uite ofisi ya mifugo iliyo karibu. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye mchubuko, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyohiyo.

Kama mbwa ni mzima wa tabia, anakula, na chanjo yake ya kila mwaka iko sawa, vaa glavu uendelee. Mwombe mtu anayemzoea amshike. Mdomo wenye kidonda unauma, na mbwa mpole kuliko wote anaweza kung'ata akishtuka.

Hatua ya 2: Tazama panaumwa wapi hasa

Mpeleke kwenye mwanga wa nje. Piga picha pande zote mbili, maana baada ya wiki tatu kumbukumbu yako itakudanganya na picha haitakudanganya. Kisha angalia mahali, kwa sababu mahali panasema mengi.

Wekundu na majimaji ndani ya mfereji wa mdomo wa chini, hasa pande zote mbili, ni ugonjwa wa mkunjo. Vipele vigumu kidevuni kwa mbwa kijana mwenye manyoya mafupi ni kama chunusi: vinyweleo vimeziba na kuvimba. Usivikamue, kwa sababu ukivikamua usaha unaingia ndani zaidi ya ngozi. Mtoto wa mbwa mwenye vipara vidogo visivyomwasha sana kuzunguka mdomo na macho, fikiria utitiri wa Demodex. Kipara cha duara chenye magamba, na mtoto wako naye ana mapunye kichwani, basi fangasi hao huenda ni walewale. Wote wawili watibiwe.

Kuna hali tatu ambazo sitaki usubiri nazo nyumbani. Ya kwanza ni mtoto wa mbwa wa chini ya miezi minne ambaye uso umevimba ghafla na tezi chini ya taya zimetuna. Huo mara nyingi ni ugonjwa wa kinga ya mwili, antibiotiki peke yake haitamponya, na akicheleweshwa anabaki na makovu au anakufa. Ya pili ni uvimbe au tundu linalotoa usaha chini ya jicho. Hilo huwa ni jino kubwa la juu limeoza mzizi, na ukilipaka dawa kwa nje unapoteza muda. Ya tatu ni donge au kidonda cha upande mmoja tu kwa mbwa mzee, kigumu, kisichopona. Hicho kikatwe kipande kipelekwe maabara, maana saratani za mdomo huanza hivyo.

Hatua ya 3: Kipimo cha kioo kabla ya dawa

Mwambie daktari wa mifugo akandamize kioo cha maabara kwenye ngozi iliyolowa, akipake rangi na kukitazama kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache. Kitaonyesha kama ni bakteria, kama ni fangasi wa jamii ya hamira waitwao Malassezia, au wote pamoja, jambo ambalo ni la kawaida sana kwenye mikunjo. Antibiotiki haimgusi Malassezia hata kidogo, na hapo ndipo mbwa wengi wanapochomwa sindano nne bila sababu. Kwa mtoto wa mbwa mwenye vipara, dai pia ngozi ikwanguliwe kwa kina mpaka damu kidogo itokee, kwa sababu Demodex anaishi ndani ya vinyweleo.

Hatua ya 4: Nyoa, osha, kausha

Hii ndiyo tiba yenyewe.

Nyoa manyoya yote ya ndani na ya ukingoni mwa mkunjo kwa mashine. Mkasi kwenye ngozi iliyovimba umeshasababisha majeraha mengi. Kama ngozi inauma mno kuguswa, acha anyolewe kliniki akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Chemsha maji, yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa kila nusu lita. Lowesha shashi au kitambaa laini, ukiweke juu ya mkunjo dakika mbili tatu ili magamba yalainike. Usiyabandue yakiwa makavu. Futa kuelekea nje, na kila ukifuta mara moja badili upande wa kitambaa.

Baada ya hapo pitisha klorheksidini, dawa ya maji ya kuua vijidudu kwenye ngozi. Chukua isiyo na sabuni, pombe wala dawa nyingine iliyochanganywa nayo. Ukiwa na ya asilimia 5, pima mililita 5 uchanganye na mililita 495 za maji safi, upate asilimia 0.05. Iliyo kali haiponyi haraka, inaunguza. Isiingie machoni wala masikioni. Kama kipimo kilionyesha fangasi, daktari ataongeza dawa ya kupaka kama mikonazoli.

Sasa kausha. Hapa ndipo watu wanapochoka, na hapa ndipo ugonjwa unaporudi. Gandamiza kitambaa kikavu ndani ya mkunjo bila kusugua, uushikilie umefunguka dakika moja upate hewa. Usinyunyize poda: ikilowa mate inakuwa tope.

Fanya hivi asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kisha mpeleke akaangaliwe tena. Ngozi ikishatulia, shuka hadi mara mbili au tatu kwa wiki, na endelea hivyo maisha yake yote, ukiongeza wakati wa masika. Najua ni ahadi ndefu. Mama mmoja aliyekuwa na Boerboel aliniambia, "Dokta, mimi nina watoto watatu, hiyo nafasi naitoa wapi?" Nikamwambia, "Mama, usiitafutie nafasi yake. Mbwa akimaliza kula jioni, mfute kabla hujaosha bakuli." Akalizoea. Mbwa yule alikuwa ameshamaliza dozi tatu za vidonge kabla hatujaonana, na siku tulipomnyoa tulikuta nywele na kipande cha mwiba wa samaki vimejibana ndani ya mfereji.

Daktari akikupa vidonge, maliza siku zote alizoandika hata kama ngozi imependeza siku ya tano. Ukikatisha, maambukizi yanaweza kurudi.

Hatua ya 5: Viache hivi

Oli chafu ya gari. Nimeona mbwa wamepakwa uso mzima, wanailamba, wanaharisha na ngozi inababuka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe: kipimo chake ni cha ng'ombe, na ikiwa karibu na mdomo mbwa anaimeza. Aivamektini ya ng'ombe ya sindano: aina fulani za mbwa, hasa koli, wana urithi unaoiruhusu ipenye hadi kwenye ubongo. Mafuta ya mti wa chai (tea tree oil) ni sumu kwa mbwa. Vidonge vya maumivu vya binadamu, kama ibuprofeni na diklofenaki, vinatoboa tumbo na kuharibu figo.

Na zile krimu za duka la dawa zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), dawa ya fangasi na antibiotiki vikiwa pamoja. Wekundu unaondoka siku mbili na mwenye mbwa anafurahi. Kama chini yake kulikuwa na Demodex, steroidi inaibomoa kinga iliyokuwa ikiwazuia, na baada ya wiki kadhaa vipara viko mwili mzima.

Hatua ya 6: Chakula, bakuli na meno

Mbwa wetu wengi wanaishi kwa ugali, pumba na dagaa kidogo. Nafaka zina kemikali iitwayo faiteti inayoshikilia zinki tumboni isiingie mwilini, na pumba na dona zinayo nyingi kuliko sembe. Mbwa anayekua akikosa zinki anaota magamba magumu kuzunguka mdomo na macho, na kwenye nyayo. Punguza pumba, ongeza nyama, maini kiasi na mayai yaliyopikwa. Usimpe vidonge vya zinki kwa kukadiria, maana ikizidi inaharibu chembe nyekundu za damu.

Bakuli la plastiki lililochubuka lina mifereji yake ya uchafu. Tumia la chuma, lioshwe kila siku. Kisha funua midomo utazame meno: ukoga mgumu wa kahawia na fizi zinazotoka damu vinafanya mate yenyewe yawe na vijidudu vingi, na yanashuka moja kwa moja kwenye mkunjo.

Hatua ya 7: Umefanya yote na bado inarudi

Uliza kama anajikuna. Mbwa anayesugua uso kwenye zulia, analamba miguu na masikio yake yananuka, huenda ana aleji, na mdomo ni sehemu moja tu ya hadithi. Maliza viroboto kwanza, kwa mbwa wote wa nyumba. Kisha jaribu chakula: kwa wiki 8 mpe aina moja ya nyama asiyowahi kula, kwa mfano sungura, pamoja na viazi. Asipate makombo wala mfupa wa jirani, na mlinzi wa usiku naye aambiwe. Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani. Kuwasha kukirudi ndani ya wiki mbili, umepata jibu. Kwa mtoto wa mbwa, jaribio hili lipangwe na daktari, kwa sababu chakula hicho hakimtoshi anayekua.

Kama hana aleji, meno ni safi, na mfereji ni wa kina kiasi kwamba haukauki hata ukifutwa kila siku, zungumza na daktari kuhusu upasuaji wa kuondoa mkunjo. Maambukizi yatulizwe kwanza, meno yasafishwe, ndipo ngozi ya ziada ikatwe na kushonwa. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Siku zote hizo mbwa avae kola pana ya plastiki shingoni, ale chakula laini, na asipewe mfupa.