Gemu ya kwanza ya simu: usisahau delta

Wewe unayejifunza kutengeneza gemu ya simu, anza na kitu kimoja tu: tuktuk inayokwepa mikokoteni pale Mwembe Tayari, Mombasa, kidole kushoto, kidole kulia, basi. Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure, na unaweza kuitumia hata ndani ya simu ya Android, kwa hivyo usingoje mpaka upate kompyuta.

Kinachowakwaza wengi ni mwendo. Ukiandika tuktuk isogee pikseli 5 (vinukta vya skrini) kila fremu, yaani kila picha simu inayochora, simu inayochora fremu 60 kwa sekunde itaisogeza pikseli 300 kwa sekunde. Simu dhaifu inayochora 30 itaishia 150. Tuktuk yangu ilikuwa mbio kwenye simu yangu, nikampa mtoto wa jirani huku Kisauni aijaribu kwa simu ya mamake, tuktuk ikajikokota kama imebeba magunia ya nazi. Dawa yake: andika kasi ya sekunde nzima, yaani 300, kisha izidishe kwa delta, ule muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Godot hukuletea delta yenyewe ndani ya _process, ile sehemu ya msimbo inayoendeshwa kila fremu. Na tafadhali, ijaribu kwa simu ya bei rahisi kabla hujaongeza rangi wala sauti.