Jinsi ya Kuoanisha Kihisi na Lenzi Unapopiga Picha za Viumbe Porini

Mtu anayeanza kupiga picha za ndege, wadudu na mimea kwa kujifurahisha huambiwa mapema kwamba kihisi kikubwa (kibao kilicho ndani ya kamera kinachopokea mwanga) ni bora kuliko kidogo, na kwamba pikseli nyingi (nukta ndogo zinazounda kihisi hicho) ni bora kuliko chache. Kauli zote mbili zina ukweli, lakini zinaanzia hesabu mahali pasipofaa. Hesabu ianze na kiumbe chenyewe: mwanga kiasi gani unaotoka mwilini mwake unaingia kwenye lenzi, na taswira yake inachukua nafasi kiasi gani juu ya kihisi. Ukiyajua hayo mawili utaelewa kamera uliyo nayo inaweza kufanya nini, lenzi ipi itakufaa, na ni wakati gani dawa si kununua kifaa kingine bali kusogea karibu zaidi.

Anza na ukubwa wa taswira. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, uzidishe kwa urefu wa mnyama kwa mita, kisha ugawanye kwa umbali uliopo kati yenu, pia kwa mita. Ndege mwenye urefu wa sentimita 20, aliye mita 20 mbele ya lenzi ya milimita 400, huchorwa juu ya kihisi akiwa na urefu wa milimita 4 tu. Kihisi cha fremu kamili, ambacho ndicho kikubwa kati ya aina tatu tutakazozitaja, kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Maana yake ndege huyo atachukua sehemu moja kati ya tisa ya upana wa picha, na eneo lote linalobaki litajaa matawi na anga. Kihisi cha aina ndogo zaidi iitwayo APS-C kina upana wa milimita 23.5 hivi, na cha aina ndogo kuliko hiyo, Micro Four Thirds, milimita 17.3, kwa hiyo ndege yuleyule ataonekana mkubwa zaidi ndani ya fremu zao. Hata hivyo, taswira yenyewe haijabadilika, kwa sababu lenzi imechora milimita 4 zilezile. Kihisi kidogo kimekata tu kingo za picha, kazi ambayo ungeweza kuifanya baadaye kwenye kompyuta.

Kinachobadilika ni idadi ya pikseli zilizomwangukia ndege. Kamera ya fremu kamili yenye megapikseli 24 (pikseli milioni 24) ina pikseli zenye upana wa takriban mikromita 6, hivyo milimita 4 hugawanywa katika pikseli 670 hivi. Kamera ya APS-C yenye megapikseli hizohizo 24 ina pikseli za mikromita 3.9, na ndege yuleyule hupata zaidi ya pikseli 1,000 kwa urefu. Mpenda ndege ambaye kila mara hulazimika kukata picha zake atafaidika na pikseli ndogo kuliko na kihisi kikubwa. Faida ya fremu kamili huonekana pale mpiga picha anapoweza kuijaza, iwe kwa lenzi ndefu zaidi au kwa kumkaribia mnyama. Asipoijaza, atakuwa amebeba eneo kubwa la kihisi linalorekodi majani yasiyohitajika.

Sasa tuje kwenye mwanga, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo, kwani ndipo penye kiini cha jambo lote. Mwanga hufika kwa fotoni, yaani chembe ndogo kabisa za mwanga, na fotoni hazifiki kwa mpangilio sawia. Pikseli iliyopokea fotoni 100 kwa wastani huyumba kwa takriban 10 juu au chini, yaani asilimia 10. Iliyopokea 10,000 huyumba kwa takriban 100, yaani asilimia 1. Kuyumba huko ndiko tunakokuona kama chembechembe katika picha za alfajiri na za chini ya miti mikubwa. Kwa sehemu kubwa chembechembe hizo hazitengenezwi na ubovu wa kamera. Zimo ndani ya mwanga wenyewe unapokuwa haba, na njia ya kuzipunguza ni kukusanya fotoni nyingi zaidi kutoka kwa mnyama.

Kiasi cha fotoni hizo hutegemea mambo matatu: umbali, muda ambao shata (pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye kihisi) imefunguka, na kipenyo cha tundu la lenzi kama kinavyoonekana kutoka mbele. Kipenyo hicho hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa namba ya f (5.6 katika f/5.6, kwa mfano). Lenzi ya milimita 400 yenye f/5.6 ina tundu la milimita 71. Ya milimita 200 yenye f/2.8 nayo ina milimita 71. Ukiweka ya kwanza kwenye fremu kamili na ya pili kwenye Micro Four Thirds, ukasimama mahali pamoja na kutumia kasi moja ya shata, kamera zote mbili zitapata karibu mwonekano mmoja, zitakusanya fotoni zilezile kutoka kwa ndege, na zitatoa kina cha fokasi (masafa ya mbele hadi nyuma yanayoonekana makali katika picha) kinacholingana. Kwa hiyo sikubali kauli kwamba kihisi kidogo kwa asili yake hutoa picha chafu. Mara nyingi tofauti inayoonekana hutokana na lenzi zinazofungwa kwenye kamera ndogo, ambazo huwa na matundu membamba zaidi. Unapolinganisha mifumo miwili, fanya mgawanyo huo wa urefu wa fokasi kwa namba ya f kabla ya kusoma sifa nyingine yoyote.

Mgawanyo huohuo unaeleza kikomo cha telekonveta, kifaa kinachofungwa kati ya lenzi na kamera ili kukuza taswira. Telekonveta ya 1.4 huigeuza lenzi ya milimita 400 yenye f/5.6 kuwa ya milimita 560 yenye f/8, na tundu linabaki milimita zilezile 70 na ushei. Umepata taswira kubwa zaidi inayotandazwa juu ya pikseli nyingi zaidi, jambo lenye manufaa kwa kihisi chenye pikseli kubwa, lakini hujaongeza fotoni hata moja. Kwa kihisi ambacho tayari kina pikseli ndogo, faida hupungua, huku fokasi ya kiotomatiki ikizidi kusitasita katika mwanga hafifu.

Umbali una nguvu kuliko vyote. Ukipunguza nusu ya umbali, kutoka mita 20 hadi 10, taswira huongezeka urefu mara mbili na eneo mara nne, na fotoni zinazotoka kwa mnyama kuingia kwenye lenzi huwa mara nne. Ili kupata matokeo hayo bila kusogea ungehitaji lenzi ya milimita 800 yenye f/5.6, ambayo tundu lake ni milimita 143. Isitoshe, hewa iliyopashwa joto na ardhi hutetemeka na kuivuruga taswira, na mtetemo huo hauondolewi na lenzi yoyote hata iwe bora namna gani. Piga asubuhi kabla ardhi haijapata moto, na punguza hewa iliyo kati yako na mnyama. Lakini kumkaribia kuna mpaka wake: ndege anayeacha kula, anayenyoosha shingo kukutazama au anayelia kwa tahadhari amekwisha kukueleza kwamba umesogea karibu mno, na aliye kiotoni hapaswi kukaribiwa kabisa kwa ajili ya picha.

Katika kuweka kamera tayari, napendekeza uchague mwenyewe kasi ya shata na tundu, kisha uiachie kamera ichague ISO, yaani kiwango cha kukuza ishara ya kihisi. Ndege aliyetulia anaweza kupigwa kwa 1/500 ya sekunde, na pengine polepole zaidi ikiwa lenzi ina kituliza mtikisiko. Ndege anayeruka huhitaji 1/2000 au zaidi. Kumbuka kwamba kituliza mtikisiko hutuliza mikono yako, hakitulizi mabawa. ISO nayo haiongezi mwanga wowote unaoingia, bali hukuza ishara iliyokwisha kukusanywa, kwa hiyo kuogopa ISO 3200 na kushuka hadi kasi ya 1/125 ni kubadilisha chembechembe zinazoweza kupunguzwa na programu kwa ukungu wa mwendo ambao ni vigumu mno kuurekebisha. Jihadhari pia na shata ya kielektroniki. Vihisi vingi husoma safu za pikseli moja baada ya nyingine, na katika muda huo bawa limekwisha kusogea, likatokea limepinda. Kama kihisi chako si cha aina inayosomwa kwa kasi kubwa, tumia shata ya kimitambo kwa kila kinachoruka.

Rangi zina habari yake. Pikseli yenyewe haitambui rangi. Juu yake huwekwa kichujio, na mpangilio unaotumika katika kamera nyingi ni ule uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976. Katika mpangilio huo nusu ya pikseli huona kijani, robo nyekundu na robo buluu, na rangi zinazokosekana hukisiwa kutokana na pikseli jirani. Kwa mpiga picha wa porini hili lina matokeo mawili. Kwanza, mistari myembamba ya manyoya inaweza kuzaa michirizi ya rangi isiyokuwapo, hasa katika kamera zisizo na kichujio cha kulainisha mbele ya kihisi. Kubadili umbali kidogo huiondoa. Pili, ua jekundu linaweza kujaza pikseli nyekundu hadi pomoni wakati histogramu ya jumla (grafu ya mgawanyo wa mwanga katika picha) inaonyesha kwamba bado kuna nafasi. Washa histogramu ya kila rangi peke yake, na upunguze mwanga mstari wa nyekundu unapogusa ukingo wa kulia. Hifadhi faili ghafi (data ya kihisi ambayo kamera haijaichakata), kwa sababu faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila pikseli, ilhali JPEG ya biti 8 ina 256 kwa kila rangi, na manyoya meupe yaliyo juani yanahitaji ngazi hizo.

Kwa wadudu na maua madogo, hesabu hubadilika sura. Hapa mwanga na umbali si tatizo kubwa kama kina cha fokasi. Katika ukuzaji wa moja kwa moja, ambapo mdudu wa milimita 10 huchorwa milimita 10 juu ya kihisi, sehemu inayoonekana kali kwenye fremu kamili kwa f/8 ni takriban milimita 1 tu. Mtu hushawishika kufunga tundu hadi f/22 ili apate zaidi, na hapo hukutana na sheria nyingine: mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika kingoni, na kila nukta hugeuka kuwa duara. Kwa mwanga wa kijani, kipenyo cha duara hilo ni karibu mikromita 11 kwa f/8 na zaidi ya 21 kwa f/16. Tena, katika ukuzaji wa moja kwa moja lenzi nyingi za makro zilizowekwa f/8 hutenda kama f/16, kwa kuwa taswira inaundwa mbali zaidi na tundu. Ukiweka f/16 utakuwa unafanya kazi kwa f/32, na duara lenye upana wa mikromita 43 litafunika pikseli 11 za kamera ya APS-C tuliyoitaja. Picha yote itakuwa laini kwa usawa, tangu kichwa cha mdudu hadi mkia.

Njia iliyo bora ni kubaki kati ya f/5.6 na f/11, kupanga kihisi kiwe sambamba na ubavu wa mdudu ili kina kile kidogo kitumike vizuri, na kwa mdudu aliyetulia kupiga mfululizo wa picha huku ukisogeza fokasi hatua ndogo ndogo, kisha kuziunganisha kwa programu. Kwa anayetembea, elekeza fokasi kwenye jicho na ukubali kwamba miguu itafifia. Tumia flashi iliyofunikwa kwa kitambaa au plastiki nyeupe na kuletwa karibu na mdudu. Ikiwa kwenye nguvu ndogo, mwako wake hudumu chini ya sehemu moja ya elfu moja ya sekunde na kugandisha mtikisiko wa mkono na wa jani. Katika uwanja huu kihisi kidogo kina faida halisi. Mdudu wa milimita 17 hujaza upana wa Micro Four Thirds kwa ukuzaji wa moja kwa moja, ilhali kwenye fremu kamili hafikii hata nusu ya upana. Kuhusu lenzi, ya milimita 100 humwachia mdudu nafasi kubwa zaidi kuliko ya milimita 60, na kipepeo ataithamini nafasi hiyo.

Mandhari pana hayana masharti magumu kiasi hicho. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye fremu kamili iliyowekwa f/8, ukielekeza fokasi kwenye kitu kilicho mita 2.4, kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi upeo wa macho kitakuwa kikali kwa kiwango cha kawaida. Weka ISO ya chini kabisa, funga kamera kwenye stendi, na uache shata ifunguke muda wowote unaohitajika, mradi upepo usiwe unatikisa majani.

Mwishowe, ipime lenzi yako mwenyewe badala ya kutegemea sifa zake kwa jumla. Funga kamera kwenye stendi imara, chagua gome la mti lenye mikwaruzo mingi lililo mita chache mbele yako asubuhi isiyo na upepo, zima kituliza mtikisiko, tumia kichelewesha shata cha sekunde 2, na piga gome hilo kwa kila hatua ya tundu, kuanzia pana kabisa hadi f/22. Rudia kwa kila urefu wa zumu unaoutumia sana. Zikuze picha hizo kwa ukubwa wao kamili na utazame katikati kisha pembeni. Lenzi nyingi huimarika zinapofungwa hatua moja au mbili kutoka tundu lake pana, halafu huanza kulainika kadiri duara la mwanga linavyozidi pikseli. Ukiwa bado kwenye f/22, pima pia usafi wa kihisi kwa kupiga anga tupu: madoa ya kijivu yatakayojitokeza ni vumbi, na hilo huondolewa kwa pampu ya hewa ya mkono huku mdomo wa kamera ukielekezwa chini.