Kusafisha nyumba ya kupanga ya Pwani kabla ya kukabidhi funguo

Mwenye nyumba anapokuja kukagua, haangalii kila kitu kwa uzito mmoja. Ataingia chooni, atafungua bomba la jikoni, atainua macho kwenye kona za dari, kisha atatazama ukuta uliokuwa nyuma ya kabati na televisheni. Makato ya dipoziti huanzia hapo. Wapangaji wengi nao humaliza nguvu kwenye kupiga deki, kazi ambayo ndiyo ya mwisho na nyepesi kuliko zote.

Kwa nyumba za Dar, Tanga au Mombasa, kazi kubwa ni mbili: chumvi ya maji ya kisima na unyevunyevu wa hewa. Chumvi hujenga ukoko mgumu kwenye mabomba, vigae na choo. Unyevunyevu huotesha ukungu. Hakuna kati ya hivyo kinachoshindwa kwa kusugua kwa hasira; kila kimoja kina dawa yake, na dawa inataka muda. Ndiyo maana nyumba ya vyumba viwili haisafishwi asubuhi ya siku ya kuhama. Tenga siku tatu: ya kwanza kazi kavu na kuta, ya pili siki na asidi, ya tatu jiki, vioo na sakafu.

Mpangilio huo una sababu nyingine nzito. Jiki ikikutana na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo hudhuru mapafu, na bafu nyingi za kupanga zina kidirisha kimoja kidogo. Kuvipa siku tofauti, na kusuuza kwa maji mengi katikati, kunapunguza sana hatari hiyo. Usichanganye jiki na amonia pia. Baadhi ya dawa za kusafishia vioo zinayo. Ukiona macho yanawasha na koo linakaba, acha kila kitu kilivyo, toka nje, fungua milango, na usirudi ndani hadi harufu iishe. Mtu akibaki anakohoa au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali.

Tayarisha ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, matambara ya pamba sita au zaidi, brashi ngumu, mswaki wa zamani, glavu za mpira, siki lita 2, jiki lita 1, sabuni ya unga nusu kilo, magadi soda robo kilo, puti ya ukutani kilo 1, msasa namba 120 na 220, na skrepa. Kama mtaa wenu una mgao wa maji, jaza madumu kumi ya lita 20 mapema. Maji yakikatika asidi ikiwa bado iko kwenye vigae, utaharibu kile ulichokuwa unasafisha.

Siku ya kwanza: kavu kwanza, maji baadaye

Anza juu. Funga kanga kuukuu kwenye ufagio wa mpini mrefu, ondoa utando wa buibui kwenye kona zote za dari na juu ya fremu za milango. Pangaboi lizimwe kwenye swichi kuu kabla ya kuguswa. Ingiza panga moja ndani ya foronya ya zamani, bana kwa mikono miwili, vuta kuja kwako: vumbi lote linabaki ndani ya foronya badala ya kukudondokea usoni.

Nyavu za madirisha zipigwe brashi zikiwa kavu, kutokea ndani kwenda nje. Ukianza kwa maji, vumbi linageuka tope na kuganda kwenye vitundu vyake. Kwenye madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, chokonoa reli ya chini kwa mswaki. Utakuta vitundu vidogo upande wa nje; vimewekwa ili maji ya mvua yatoke. Vikiziba mchanga, masika maji huingia ndani na kuchora michirizi ukutani chini ya dirisha, nawe ndiye utakayeulizwa.

Ukuta wa jikoni wenye masizi ya mkaa nao huanza ukiwa mkavu. Pangusa masizi kwa brashi laini au tambara kavu hadi tambara litoke karibu safi. Maji yakitangulia, masizi yanazama ndani ya rangi na hakuna sabuni itakayoyatoa. Baadaye osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5, ukianzia chini kupanda juu. Wengi hufanya kinyume. Maji machafu yakitiririka juu ya ukuta mkavu huacha mistari isiyofutika. Yakitiririka juu ya sehemu iliyokwisha kulowa na kuoshwa, yanapangusika tu. Kusuuza ndiko kunatoka juu kwenda chini. Jaribu kwanza nyuma ya mlango: rangi ya maji ya bei nafuu hutoka kwenye tambara, na ikitoka, pangusa kwa tambara lenye unyevu tu.

Misumari ing'olewe kwa koleo, ukiweka kipande cha ubao chini yake ili plasta isibomoke. Shimo lipanguse vumbi, lilowanishe kidogo, shindilia puti, lainisha kwa skrepa. Plasta kavu hunyonya maji ya puti haraka na kuifanya ipasuke, ndiyo sababu ya kulowanisha. Shimo kubwa kuliko ncha ya kidole lijazwe mara mbili, siku mbili tofauti. Likikauka, piga msasa 120 halafu 220. Dawa ya meno, ambayo watu hupendekezana sana, husinyaa ikikauka na shimo linaonekana tena.

Kuhusu rangi, soma mkataba kabla ya kununua. Kama mkataba unadai urudishe nyumba ikiwa imepakwa, paka. Kama haudai, muulize mwenye nyumba kwanza, maana kiraka cha nyeupe mpya kwenye nyeupe ya miaka mitatu huonekana vibaya kuliko shimo lenyewe. Ukipaka, paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Chumba cha mita 3 kwa 3, ukitoa mlango na dirisha, kina kuta za kama mita za mraba 28, kwa hiyo mikono miwili inataka lita 5 hadi 6.

Siku ya pili: ukoko wa chumvi, kutu na mafuta

Ukoko mweupe wa kwenye bomba, ile tunayoiita chumvi, ni chokaa ya maji, na asidi dhaifu huiyeyusha. Lowesha tambara kwenye siki, lizungushe kwenye bomba, funga kwa mfuko wa plastiki, acha saa moja. Kichwa cha bomba la mvua kifungue, kizamishe ndani ya siki usiku kucha kama ni cha plastiki. Cha kung'aa kisizidi saa moja, kwani asidi ikikaa sana hula ule mng'ao. Vitundu vilivyobaki vimeziba vichokonoe kwa mswaki, si kwa sindano, inayovipanua.

Choo ndicho kinachowashinda wengi, kwa sababu wanakipiga jiki. Ile rangi ya kahawia chini ya maji ni ukoko wa chokaa ulionyonya uchafu. Jiki huufanya mweupe kwa siku chache lakini haiuyeyushi, na rangi hurudi. Funga maji ya tangi la choo, vuta, kisha sukuma maji yaliyobaki kwa brashi hadi bakuli libaki karibu tupu. Mimina siki lita 1. Kwa sehemu ya juu chini ya ukingo, pachika karatasi za chooni zilizoloweshwa siki zishikilie hapo. Acha usiku mzima, asubuhi sugua na usuuze kwa maji mengi kabla ya kugusa jiki. Ukoko wa miaka unaweza kutaka dawa ya choo yenye asidi. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, vaa glavu, na fungua dirisha.

Vigae vya ukutani bafuni vinapangusika kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kabla ya hapo lowesha kwa maji matupu ile saruji nyembamba iliyo katikati ya vigae, ili ijae maji isinywe asidi. Saruji huliwa na asidi kama chokaa inavyoliwa. Ndiyo hiyo hiyo sababu ya kutoweka siki, ndimu wala dawa ya choo kwenye sakafu ya terazo au jiwe la marumaru halisi. Tone moja likikaa linaacha doa lililofifia, na doa hilo halioshwi. Huko tumia sabuni ya maji na brashi tu.

Sasa jikoni, mahali ulipokaa mtungi wa gesi. Uondoe na utaona duara la rangi ya chungwa kwenye kigae, limechorwa na kutu ya kitako cha mtungi. Hili ni kosa linalofanyika karibu kila nyumba: mtu anamwaga jiki. Jiki haitoi kutu, na inaweza kulifanya doa likolee zaidi. Nyunyizia duara hilo chumvi ya mezani, kamulia ndimu hadi chumvi ilowe kama uji mzito, funika kwa plastiki, acha saa mbili. Sugua kwa mswaki kwa kuzunguka, suuza, rudia kama kivuli kimebaki. Kwa kawaida mara mbili inatosha kwenye kigae chenye mng'ao. Duara likibaki kwenye saruji ya katikati ya vigae, usiendelee na ndimu, utaichimba. Miguu ya kitanda cha chuma huacha madoa ya namna hii hii vyumbani.

Mafuta ya kukaangia yaliyoganda juu ya jiko, ukutani na kwenye milango ya makabati yanataka magadi soda: vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji ya moto, na glavu mkononi. Paka, acha dakika 15, pangusa, suuza mara mbili. Vifuniko vya aluminiamu vya jiko la gesi visiguswe na magadi, maana hugeuka vyeusi. Vioshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto. Kwenye milango ya mbao ya makabati usimwage maji. Tambara lililokamuliwa linatosha, la sivyo mbao za kubandikwa huvimba pembeni.

Chini ya sinki kuna kikopo cha plastiki kinachoning'inia. Weka ndoo chini yake, kifungue kwa mkono, mwaga, osha. Humo ndimo harufu inakotoka. Angalia mpira wa duara usipotee wakati wa kukirudisha, kisha fungulia maji na upapase kwa kidole kama panavuja.

Jokofu lizimwe siku hii, lioshwe, liachwe mlango wazi.

Siku ya tatu: ukungu, vioo, sakafu

Ukungu usiusugue ukiwa mkavu. Vumbi lake huruka na kuota kwingine, na si jema kwa mwenye pumu. Changanya robo lita ya jiki na lita 3 za maji ya baridi (ya moto huidhoofisha jiki), paka kwa sponji, acha dakika 15, pangusa, fungua madirisha ukuta ukauke kabisa. Usipake rangi juu ya ukungu ulio hai, utajitokeza tena. Na kama doa linafuata mstari wa bomba au linashuka kutoka dari, hapo pana uvujaji. Huo si uchafu wako: piga picha, mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi.

Vioo vioshwe jua likiwa limegeuka, maana maji yakikauka haraka yanaacha michirizi. Gundi ya stika kwenye kioo au kigae hulainika kwa mafuta ya kupikia yaliyokaa dakika 10. Ukutani usijaribu, mafuta huacha doa.

Deki ianze chumba cha mwisho ikielekea mlangoni. Kifuniko kimoja cha sabuni ya maji kwa ndoo ya lita 10 kinatosha. Sabuni ikizidi hubaki sakafuni kama utando unaonata na kukusanya nyayo. Badilisha maji kila chumba, malizia kwa maji matupu.

Nyumba ikikauka, piga picha kila chumba kutoka mlangoni, kisha karibu: choo, sinki, jiko, kuta ulizoziba. Piga picha mita ya maji pia, na risiti ya bili ya mwisho. Kwa Tanzania, usinunue umeme mwingi wiki ya kuhama, kwani uniti zilizobaki hubaki ndani ya mita ya Luku, ile ya umeme wa kulipia kabla. Kagueni pamoja na mwenye nyumba au msimamizi mchana, taa zikiwaka na mabomba yakifunguliwa, muandike kwenye karatasi moja hali ya kila chumba na idadi ya funguo zilizorudishwa, wote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.