Kabla hujafunga difu ya Range Rover kwenye Land Rover Series, hesabu kwanza

Wazee wa Land Rover za zamani, kitu kimoja nawaomba, msinunue difu kwa kuambiwa tu "hii ni ya Range Rover," ihesabuni wenyewe. Difu (gia za kwenye ekseli zinazogeuza matairi) ya Series ni 4.7, yaani propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi, inazunguka mara 4.7 matairi yote mawili yakizunguka mara moja; ya Range Rover Classic ni 3.54, na kwa nje zinafanana kabisa. Kama imeshafungwa kwenye gari weka gia huru, kabari kwenye matairi yaliyobaki chini, inua tairi moja tu la nyuma kwa jeki na stendi, achia hendibreki (kwenye Series inakamata propela sio tairi, ndo maana wengi wanahangaika hapo), halafu zungusha tairi raundi 2 kamili (la pili limesimama, kwa hiyo ni sawa na raundi 1 ya yote mawili) huku mwenzako anahesabu propela. Ikipiga karibu 4 na robo tatu ni 4.7, ikipiga 3 na nusu hivi ni 3.54.

Na tafadhali badilisha mbele na nyuma pamoja!! Ukichanganya halafu ukaingiza four wheel kwenye lami kavu unavunja hafushafti (shafti ya kutoka difu kwenda kwenye tairi) au gia, hapo hakuna bahati.

Ukishafunga 3.54 spidomita nayo itakudanganya, ikisoma 60 we unaenda kama 80. Na low (gia za nguvu) inapungua nguvu, mlima mkali wenye mzigo utausikia, kwa hiyo kama gari ni ya kubeba mizigo porini mi ningeacha 4.7 yake.

109 (Land Rover Series ndefu) yenye ekseli ya aina ya Salisbury nyuma ni habari nyingine, ile difu haichomoki nzima.