Bayocha ukiimwaga juu juu umetupa hela

Jamani tuelewane kwenye hili. Shamba lina sumu ya madini ya risasi au kadimiamu, mtu anabeba magunia ya bayocha, yale makaa ya mimea iliyochomwa kwa hewa kidogo, anamwaga juu ya udongo, mapande makubwa kama ngumi, halafu anakaa anangoja mvua imalizie kazi. Bayocha haivuti sumu kutoka mbali, inashika ile inayoigusa tu, sasa pande limekaa juu na mizizi inanyonya chini huko, vitakutana wapi?

Ponda mpaka ipite kwenye chekeche la milimita 2. Yote, sio unafika nusu unachoka unamwagia na mapande. Kipimo cha kuanzia ni asilimia 2 ya uzito wa udongo, ukichanganya hadi kina cha sentimita 15 hiyo ni kama kilo 4 kwa mita moja ya mraba. Kilo 4 KAVU. Hapa ndo mnajidanganya wengi, makaa yamezimwa kwa maji bado yanachuruzika, unayapandisha kwenye mizani inasoma 4 unafurahi, kumbe sehemu kubwa umepima maji. Anika, pima, ndo unyunyizie maji kidogo vumbi litulie, na barakoa uvae.

Lima mara mbili, ya pili ikatishe ya kwanza, ukichimba usikute tabaka jeusi limejikalia peke yake. Udongo uwe na unyevu muda wote na usipande kesho yake, ipe wiki 4 hivi ishikane na hiyo sumu. Risasi haiondoki shambani, imefungwa tu, kwa hiyo maabara waambie wapime ile inayoweza kunyonywa na mmea, ikishuka umefaulu.

Ila kama shida yako ni aseniki, sumu nyingine ya udongoni, usiguse kwanza, maana bayocha nyingi zinapandisha pH, yaani zinapunguza uchachu wa udongo, na hapo aseniki inaweza kulegea ikaingia kwenye maji zaidi ya mwanzo. Na makaa ya mbao zenye rangi au dawa ya mchwa usilete kabisa, hayo yenyewe ni uchafu.

Wanaochuja maji ya kumwagilia kwa bayocha nao wana yale yale, mapande ndani ya pipa, maji yanapita mbio yanatoka vilevile. Ponda, punguza kasi. Ya kunywa usitegemee, vijidudu vinapita. Na ile bayocha iliyochoka kwenye pipa, naona mtu anaichota anapeleka kwenye bustani ya mboga eti mbolea. Sumu yote uliyochuja si iko humo humo?