Namna ya kufikia kiti cha jaji wa Katiba mjini Karlsruhe

Mahakama ya Katiba ya Shirikisho la Ujerumani ina majaji 16, wanane katika kila baraza kati ya mabaraza yake mawili. Nafasi hizi haziombwi. Jina lako hupendekezwa na wengine, kwa hiyo maandalizi huanza miaka mingi kabla.

Soma sheria, fanya mtihani wa kwanza wa serikali, kisha pitia mafunzo ya vitendo ya miaka miwili mahakamani, kwa waendesha mashtaka, serikalini na kwa mawakili, ndipo ufanye mtihani wa pili. Alama ni kuanzia 0 hadi 18. Chini ya 4 umefeli, na ukipata 9 unaheshimika. Profesa wa sheria wa chuo kikuu cha Ujerumani huhesabiwa kuwa na sifa hata bila mtihani wa pili.

Hapo chagua njia: uprofesa, au mahakama za juu za shirikisho. Njia ya pili ina uhakika zaidi kidogo, maana kila baraza lazima liwe na majaji watatu waliotoka huko, nao wanatakiwa wawe wametumikia angalau miaka mitatu.

Uwe raia, umetimiza miaka 40, na ukubali kwa maandishi. Nusu ya majaji huchaguliwa na Bundestag, yaani bunge la shirikisho, nusu na Bundesrat, chombo cha wawakilishi wa serikali za majimbo, kwa theluthi mbili ya kura. Katika Bundesrat, yenye kura 69, unahitaji 46.

Theluthi mbili ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu chama kimoja hakiwezi kukupitisha peke yake. Julai 2025 kura ya kumchagua Frauke Brosius-Gersdorf, profesa wa Potsdam, iliondolewa kwenye ratiba siku ileile ya uchaguzi baada ya wabunge wengi wa vyama vya kihafidhina vya CDU/CSU kumkataa, hasa kwa msimamo wake kuhusu utoaji mimba. Agosti alijitoa. Kabla ya kukubali, waulize wanaokupendekeza wamezihesabu kura za nani, mmoja mmoja, na usome upya kila ulichowahi kuchapisha, kwani wapinzani watakisoma.

Ukichaguliwa, kipindi ni miaka 12, hakirudiwi, na mwisho ni umri wa miaka 68. Anayeingia na 60 hupata minane tu. Kazi nyingine ya kitaaluma inayoruhusiwa ni kufundisha sheria chuo kikuu cha Ujerumani. Muhula ukiisha unaendelea kuamua kesi hadi mrithi wako ateuliwe.