Kabla hujaishusha Subaru yako, chungulia chini kwanza

Wengi wanaoshusha Impreza huamini gari likikaa chini halitalala tena kwenye kona. Ni kweli kitovu cha uzito kinashuka. Lakini mbele ya Impreza kuna mfumo wa MacPherson, yaani shokapu na springi zimeungana juu na mkono mmoja unashika tairi kwa chini, na hapo ndipo penye mtego. Chungulia uone ule mkono wa chini unaoshika tairi. Ukishusha gari kupita kiasi, ncha ya mkono iliyo upande wa tairi inakuwa juu kuliko ile ya upande wa bodi. Kitovu ambacho bodi hukizunguka ikilala kwenye kona kinashuka haraka kuliko kile cha uzito, kwa hiyo gari linataka kulala zaidi. Tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza tairi, nazo zinabadili pembe, na usukani unajivuta ukipita kwenye shimo.

Springi ngumu huficha hayo, ndiyo maana mwenye gari haamini akiambiwa.

Kwa gari la barabarani, sentimita 2 hadi 3 zinatosha. Weka springi za kushushia zilizotengenezwa kwa gari hilo hilo na shokapu zinazoendana nazo, kisha pima alaimenti. Kukata springi kwa grainda sikushauri hata kidogo: shokapu inakosa nafasi ya kucheza, gari linakalia vile vizuizi vya mpira, na katikati ya kona tairi linaachia ghafla. Ukitaka kushuka zaidi ya sentimita hizo, tafuta boljointi (kiungo cha mkono na tairi) ndefu zinazorudisha pembe ya mkono. Matuta ya mtaani, hayo utamalizana nayo kwa bampa.